Kudhibiti gemu kwa mwendo: lini uwashe, lini uzime, na namna ya kuweka padi sawa

Kabla ya kuwasha au kuzima udhibiti wa mwendo, yaani kuiongoza gemu kwa kusogeza padi (kidhibiti unachoshika mkononi), jiulize swali moja: mkono wako unaipelekea gemu kipimo, au unaipelekea "ndiyo" tu? Ukigeuza padi nyuzi 5 kwenda kulia na shabaha ikasogea kwa kadiri hiyohiyo, umepeleka kipimo: upande, umbali na kasi, vyote kwa mpigo mmoja. Ukitikisa padi ili mhusika abingirike, umepeleka "ndiyo". Kitufe huipeleka "ndiyo" hiyo mapema zaidi, hakikosei, na hakichoshi kiwiko.

Katika bowling ya Wii Sports (2006), mpira hupinda kwa kadiri kiganja kilivyosokotwa wakati wa kuuachia. Ukiondoa mwendo hapo, gemu imekwisha. Donkey Kong Country Returns ya Wii (2010) ilimtaka mchezaji atikise rimoti ili Donkey Kong abingirike. Toleo la Nintendo 3DS la mwaka 2013 likaiweka kazi hiyo kwenye kitufe, na hakuna kilichopungua. The Legend of Zelda: Skyward Sword ya Wii inasimama katikati. Upande unaofyekea upanga una maana, kwa sababu maadui hukinga upande mmoja na kuacha mwingine wazi, hivyo mwendo unabeba kipimo kweli. Lakini toleo la HD la mwaka 2021 liliupeleka upanga kwenye kijiti cha kulia, na kijiti nacho kinajua kushoto, kulia, juu na chini. Hapo chagua kwa raha yako: aliyesimama afyeke, aliyejilaza atumie kijiti.

Kwa hiyo hukumu yetu haiwezi kuwa moja kwa gemu zote. Kulenga kwa jairo, kihisi cha kugeuka kilichomo ndani ya padi, kunaboresha karibu kila gemu ya kulenga, mradi mipangilio iwe sahihi. Kutikisa padi mahali pa kitufe kunaharibu zaidi kuliko kunavyosaidia. Na gemu za mwili mzima, kama za kucheza dansi au mazoezi, ni jamii yake. Hizo hazishindani na kitufe.

Kilichomo ndani ya padi

Kuna vihisi viwili. Akselerometa hupima mchapuko, na mvuto wa dunia umo ndani yake. Ndiyo maana padi iliyotulia inajua chini ni wapi. Jairoskopu, ambayo wachezaji huiita jairo, hupima kasi ya kugeuka kwenye mihimili mitatu. Hakuna hata kimoja kinachojua padi iko wapi chumbani. Mwelekeo hupatikana kwa kujumlisha kasi ya kugeuka tena na tena, na kosa dogo likijumlishwa kwa dakika kadhaa huwa kosa la kuonekana: shabaha inaanza kutambaa yenyewe.

Kuinama kwa padi juu na chini kunaweza kusahihishwa kwa kuulinganisha na mvuto. Kugeuka kushoto na kulia hakuwezi, kwa kuwa mvuto haubadiliki ukigeuka ukiwa umelala sawa. Ndipo kilipotoka kitufe cha kurudisha shabaha katikati. Kwenye Splatoon 3 ni Y, na kwenye Skyward Sword HD pia ni Y. Kikariri kabla ya kitufe kingine chochote.

Rimoti ya Wii ya mwaka 2006 haikuwa na jairo kabisa. Ilikuwa na akselerometa na kamera ndogo ya mwanga usioonekana. Jairo ilikuja na Wii MotionPlus mwaka 2009. Wengi waliochukia udhibiti wa mwendo wakati ule walikuwa wanakihukumu kifaa kisichoweza kupima kugeuka vizuri, na chuki hiyo wameibeba hadi kwenye padi zinazoweza. Joy-Con na Pro Controller za Nintendo Switch zina jairo, na DualShock 4 na DualSense za PlayStation zina jairo. Padi za kawaida za Xbox One na Xbox Series hazina, kwa hiyo usipoteze jioni nzima ukitafuta mpangilio ambao haupo.

Kusawazisha vihisi kwanza

Usiguse mipangilio ya gemu kabla hujahakikisha padi imetulia. Shika padi, cheza dakika 5 hadi 10 ili ipate joto la kawaida, kwa kuwa kosa la jairo hubadilika na joto. Kisha ilaze mezani, washa kulenga kwa jairo kwa namna ya "muda wote" kama gemu inaruhusu, elekeza shabaha kwenye alama ndogo ukutani, na usiiguse kwa dakika moja. Shabaha ikibaki palepale, ruka hatua inayofuata. Ikitambaa, zima jairo ndani ya gemu na urudie jaribio. Kama bado inatambaa, tatizo ni kijiti cha kulia kilichochakaa au chenye vumbi. Watu wengi husawazisha jairo mara kumi kwa ugonjwa ambao si wa jairo.

Kwenye Switch, ingia System Settings, kisha Controllers and Sensors, kisha Calibrate Motion Controls. Chomoa Joy-Con kwenye konsoli na uondoe kamba za mkononi, kwa maana kamba hufanya Joy-Con ilale mshazari. Ilaze juu ya meza ngumu, vitufe vikitazama juu, kisha bonyeza na ushikilie kitufe cha − au + kama skrini inavyoelekeza, hadi ujumbe wa kukamilika utokee. Mto, godoro na paja havifai. Meza iliyobeba spika kubwa inayovuma haifai pia: jairo itarekodi mtikisiko huo kana kwamba ndio utulivu. Ukicheza konsoli ikiwa mkononi, kumbuka kwamba konsoli yenyewe ina vihisi vyake, tofauti na vya Joy-Con, navyo vinasawazishwa peke yake.

DualSense haina ukurasa wa kusawazisha jairo kwenye menyu ya PS5. Kinachobaki ni kuhakikisha programu ya padi imesasishwa, na ikishindikana, kuirudisha kwenye hali ya kiwandani: zima konsoli, chomeka pini nyembamba kwenye tundu dogo la nyuma ya padi, bonyeza kwa sekunde 3 hadi 5, kisha iunganishe tena kwa kebo ya USB na ubonyeze kitufe cha PS.

Kupanga jairo kwa gemu za kulenga

Hapa ndipo faida ilipo, na ndipo wengi wanapokata tamaa baada ya dakika kumi. Kosa la kwanza ni kudhani jairo inachukua nafasi ya kijiti. Kijiti kinafanya kazi ya bega, jairo inafanya kazi ya vidole: kijiti kikupeleke karibu na adui, jairo imalizie nyuzi chache zilizobaki. Anayejaribu kugeuka nyuma kwa jairo peke yake atajikuta amesokota mikono kama anayekamua nguo.

Anza na wepesi wa jairo, na uupime badala ya kuukisia. Baadhi ya gemu hutumia kiwango cha asili, ambapo 1 maana yake padi ikigeuka nyuzi 30 kamera nayo inageuka nyuzi 30, na 3 maana yake kamera inageuka nyuzi 90. Gemu nyingine hutoa namba zisizo na maana nje ya gemu hiyo. Splatoon 3, kwa mfano, inaanzia −5 hadi +5. Kupata thamani halisi, fanya hivi:

1. Ndani ya gemu, simama mbele ya alama iliyo wazi, kama nguzo au kona ya jengo, na weka shabaha juu yake.
2. Laza padi mezani, ubavu wake ukigusa ukingo wa kitabu kilichonyooka.
3. Igeuze padi taratibu hadi ubavu ulingane na ukingo mwingine wa kitabu, yaani nyuzi 90, bila kuiinua.
4. Tazama kamera imegeuka kiasi gani. Ikizunguka mzunguko kamili, kiwango chako ni 4. Ikigeuka ukatazama nyuma kabisa, ni 2.

Anayeanza aweke kati ya 2 na 3. Chini ya hapo mikono inafanya kazi kubwa mno. Juu ya 5 kila pumzi inaonekana kwenye shabaha. Wakati wa kulenga kwa darubini, punguza hadi nusu au chini zaidi, kwa sababu ukuzaji unakuza pia mtetemo wa mkono. Ukibadilisha, badilisha hatua moja tu, kisha cheza siku nzima kabla ya kuigusa tena. Anayebadilisha namba kila baada ya raundi hawezi kujenga mazoea ya mkono, na mazoea ya mkono ndiyo yote unayoyatafuta.

Pili, amua jairo iwake lini. Gemu nyingi za hadithi, mfano Breath of the Wild na Horizon Forbidden West, huiwasha unapovuta upinde au kulenga tu. Hiyo ni njia nzuri ya kujifunza, kwa kuwa ukiacha kulenga mikono inapumzika na unaweza kurudi kwenye mkao wako. Gemu za ushindani huruhusu iwake muda wote. Ukichagua hiyo, tenga kitufe kimoja cha kuizima kwa muda: unakibonyeza, unarudisha padi katikati, unakiachia. Ni kama anayetumia kipanya anavyokiinua mezani akifika ukingoni. Bila kitufe hicho, baada ya dakika kumi padi itakuwa imeelekea dirishani.

Tatu, mhimili wa kugeukia. Baadhi ya gemu zinauliza kama jairo ifuate padi yenyewe, dunia, au mchezaji, mara nyingi kwa majina ya "Local", "World" na "Player Space". Ukishika padi imelala sawa, hutaona tofauti. Ukiishika imeinuka nyuzi 45, kama wafanyavyo wanaokaa wameegemea, mkono ukienda kulia unagusa mihimili miwili kwa pamoja, na "Local" itasoma mmoja tu. Shabaha itaonekana nzito upande na nyepesi juu. Chagua "Player Space" ikiwepo. Isipokuwepo, na gemu inakuuliza uchague kati ya kugeuza na kuinamisha kama usukani, chagua kugeuza kama unashika padi imelala, na kuinamisha kama unashika Switch yenyewe mbele ya uso.

Nne, kijiti cha kulia. Ongeza wepesi wake wa mlalo, kwa kuwa sasa kazi yake ni kugeuka haraka, wala si kulenga. Wima kipunguze, au kizime ikiwezekana. Splatoon inafanya hivyo bila kukuuliza: jairo ikiwaka, kijiti kinageuza mlalo tu. Wanaotoka gemu nyingine hulalamika siku mbili za kwanza, kisha huwasikii. Vidole gumba vinavyobishana na viganja kuhusu juu na chini ndiyo sababu kubwa ya shabaha kuruka juu ya kichwa cha adui.

Kuna pia njia inayoitwa flick stick, ambayo Fortnite iliiongeza pamoja na mipangilio yake kamili ya jairo mwaka 2022. Kijiti hakizungushi kamera polepole; ukikisukuma kushoto, kamera inageuka nyuzi 90 kushoto papo hapo, ukikivuta nyuma inatazama nyuma. Kulenga kwenyewe, wima na mlalo, ni kazi ya jairo. Ni kasi sana na inachanganya sana. Usiijaribu kabla ya wiki mbili za jairo ya kawaida.

Kuhusu ulainishaji: gemu ikitoa mpangilio wa kulainisha mtetemo, uache sifuri kwanza. Ulainishaji hufanya wastani wa vipimo vilivyopita, na wastani wa vilivyopita ni kuchelewa. Shabaha ikitetemeka, punguza wepesi, weka viwiko juu ya mapaja au mikono ya kiti, kisha punguza mtetemo wa padi. Hilo la mwisho husahaulika: injini ya mtetemo imo ndani ya kasha moja na jairo, na kila bunduki inapopiga jairo inasoma tetemeko. Mwenye mkono unaotetemeka kwa maradhi ndiye hasa anayefaa kuongeza ulainishaji, au ukanda mfu mdogo (kiasi cha mwendo mdogo ambacho gemu hukipuuza), na kwake kuchelewa kidogo ni bei inayostahili.

Msaada wa kulenga uliomo kwenye gemu hupunguza kasi ya shabaha karibu na adui. Kwa kijiti ni neema. Kwa jairo mara nyingine unahisi kama shabaha imekanyaga gundi, kwa kuwa mkono umesogea na kamera imekataa. Jaribu raundi kadhaa ukiwa umeuzima au kuupunguza, kisha uamue. Baadhi ya wachezaji huurudisha, na hakuna aibu.

Mazoezi ya dakika 15 kwa siku yanatosha. Chagua shabaha mbili zisizosogea, moja kushoto na moja kulia. Nenda kwa kijiti hadi karibu, achia kijiti, malizia kwa jairo, piga. Ukiweza kupiga kumi mfululizo, sogea mbali zaidi. Siku tatu za kwanza utakuwa mbaya kuliko ulivyokuwa kwa kijiti, kwa hiyo usiingie kwenye mechi za kupanda daraja.

Televisheni inaweza kuwa ndiyo mkosaji

Kidole gumba huvumilia kuchelewa. Kiganja hakivumilii, kwa sababu mwili unajua mkono umeshafika na jicho linaona bado. Washa hali ya gemu kwenye televisheni, ile inayozima urembeshaji wa picha. Gemu ikitoa chaguo kati ya ubora na kasi, chukua kasi: kwa fremu 30 kwa sekunde kila fremu hukaa milisekunde 33, kwa fremu 60 hukaa takriban 17. Tofauti hiyo jairo inaihisi mara moja.

Mwendo ukikatikakatika, kama vile padi inapoteza fahamu kwa nukta moja, tazama njia ya mawimbi. Bluetooth hutumia gigahezi 2.4, na maji huyanyonya mawimbi hayo vizuri. Tangi la samaki, vyuma, na mwili wa mtu aliyeketi mbele ya konsoli vyote huziba. Usifiche konsoli nyuma ya televisheni.

Gemu za kutikisa na kuinamisha

Hapa fanya kwa ufupi. Fungua mipangilio, tafuta mbadala wa kitufe, utumie. Usipokuwepo, tikisa kwa kiganja tu, kifupi na kikali: akselerometa inasubiri mchapuko uvuke kiwango fulani, haisubiri umbali. Anayezungusha mkono mzima anapata matokeo yaleyale akiwa amechelewa na amechoka.

Magari ni suala la ladha. Kuinamisha Joy-Con kama usukani kwenye Mario Kart 8 Deluxe kunabeba kipimo, lakini kijiti hujirudisha katikati chenyewe na mikono haifanyi hivyo, basi baada ya kona gari hubaki likiyumba. Kwa mtoto au mgeni ni raha tupu. Kwa anayehesabu sekunde, bonyeza + kwenye ukurasa wa kuchagua gari na uzime.

Kwa gemu za kurusha mkono, vaa kamba ya mkononi na uikaze. Desemba 2006 Nintendo ilitangaza kubadilisha kamba milioni 3.2 za rimoti za Wii kwa sababu nyembamba zilikuwa zinakatika na rimoti kuruka. Pumzika dakika 10 hadi 15 kila saa. Mwaka 2007 jarida la The New England Journal of Medicine lilichapisha barua ya daktari aliyeamka na maumivu makali ya bega baada ya kucheza tenisi ya Wii kwa saa kadhaa. Uzito wa rimoti ni mdogo, na ndiyo maana mchezaji hasikii kwamba amerusha mkono mara mia tatu.

Mashine za zamani

Kwenye Wii, ule mwamba mwembamba unaowekwa juu au chini ya televisheni, uitwao Sensor Bar (mwamba wa kihisi), hauhisi chochote licha ya jina lake. Ni makundi mawili ya taa za mwanga usioonekana, moja kila upande, na kamera iko kwenye pua ya rimoti. Mshale ukirukaruka, elekeza kamera ya mbele ya simu kwenye mwamba: ukiona nukta za zambarau kila upande, taa zinafanya kazi. Usipoziona upande mmoja, waya umekatika au taa imekufa, na mishumaa miwili iliyotengana kwa urefu wa mwamba huo itafanya kazi kwa muda. Kwa sababu hiyohiyo, jua la dirishani, kioo kinachong'aa na taa za mapambo humchanganya mshale. Kaa mita 1 hadi 3 kutoka kwenye skrini.

Kinect ya Xbox 360 (2010) inataka nafasi tupu kuliko inavyotaka kitu kingine: takriban mita 1.8 kwa mchezaji mmoja, mita 2.4 kwa wawili, na kifaa kiwe kati ya sentimita 60 na mita 1.8 kutoka sakafuni. Funga pazia, kwa sababu jua hufuta nukta zake za mwanga usioonekana. Nguo pana huficha viungo, hivyo kanzu na sketi refu zitafanya miguu ipotee kwenye skrini. PlayStation Move ya mwaka huohuo hufuatwa na kamera kwa mpira wake unaowaka, kwa hiyo ondoa taa yoyote inayowaka nyuma ya mchezaji, na usisogeze kamera baada ya kusawazisha. Ikisogea hata kwa kebo kuvutwa, rudia kusawazisha kabla ya raundi inayofuata.